Swali la Kumi na Moja

Jina la mshiriki: Sikujua.
Usiku mratibu akapiga simu kutoka Dodoma:
"Kijana, dodoso halijazwi hivyo.
Kama hukujua, ungemuuliza mama yake."
Nikamwambia, bosi, ndilo jina.
Sikujua binti Mrisho, miaka kumi na tisa, ana usonji,
Ujiji, nyuma ya kinu cha mawese.

Tulikwenda wawili, mimi na kalamu yangu,
na Bi Leokadia wa tiba kazi
na mkoba wake wa vijiko vizito, vifungo, zipu, kamba za viatu,
maana taaluma yake, alinieleza njiani,
huanzia pale mkono unapokwama.
(Kumbe tulikuwa watatu. Kalamu nayo ihesabiwe,
mtaona.)

Swali la kwanza: Je, anaoga mwenyewe?
Mama akajibu: Maji ya uvuguvugu, ndiyo.
Ya baridi yanamchoma.
Nikatafuta kisanduku cha maji ya baridi yanayochoma.
Hakikuwepo.

Swali la nne: Je, huenda sokoni?
Huenda alfajiri, migebuka haijapata wateja
na wateja hawajapata sauti.

La saba: Je, huhudhuria sherehe?
Hapo mama akacheka, akajifuta mikono kwenye kanga.
"Harusi ya dada yake aliianza Jumatano.
Gunia zima la mchele kachambua peke yake, chuya kwa chuya.
Jumamosi ngoma zinaingia, yeye keshatoka,
kalala kwa shangazi Kibirizi.
Sasa wewe mwandishi, andika: alikuja, hakuja?"

Bi Leokadia akavua miwani.

Nami nikabofya kalamu. Tabia yangu, nikifikiri.
Ka-cha. Ka-cha. Ka-cha.
Sikujua alikuwa jiweni akibangua mise.
Akainuka, usoni hakunitazama,
akaitoa kalamu vidoleni mwangu
kama mtu anayemtoa mtoto mwiba,
akaenda nayo chini ya ungo, mikono ikakawia humo,
kisha akarudi kwenye jiwe lake.
Kokwa moja, pigo moja.
Kokwa moja, pigo moja.
Haikupondeka hata moja.

Nikaendelea kwa penseli.
La kumi na moja: Je, mshiriki anaweza kujirekebisha
ili aendane na mazingira yake?
Nilikwisha lisoma katika nyumba ishirini na tatu.
Sikuwa nimelisikia.

Ng'ambo ya ua mashine ya kusaga ikazimika.
Saa nane kamili.
Imeishiwa dizeli? nikauliza.
"Hapana. Ni wakati wake wa kupita.
Kiza huzima dakika kumi, foleni yote ingoje.
Mwanzoni walinuna, walisema mengi, mengine siyarudii.
Siku hizi wapo wanaokuja saa nane makusudi
kupumzisha masikio."

Sikujua akajitwika ndoo ya mahindi,
akapita katikati yao.
Hakuna aliyempa mkono.
Mama mmoja aligonga beseni kwa ukucha, mara mbili;
naye akagonga ndoo, mara mbili.
Nikaambiwa hiyo ndiyo shikamoo, na hiyo marahaba.
Akaacha mahindi, akachukua unga wa jana,
na alipovuka kizingiti cha kwao
Kiza akavuta kamba, dunia ikaanza tena kunguruma.

Bi Leokadia akaniomba penseli.
Akalikata swali la kumi na moja, mstari mmoja tu,
na juu yake akaandika:
Nani husogea ili apite?

Dodoma watakasirika, nikasema.
"Watakasirika," akakubali,
akirudisha mkobani vijiko ambavyo havikutoka.

Tulipoaga, Sikujua aliinua ungo mwenyewe.
Kalamu ilikuwa palepale,
kitufe chake kimefungwa kwa uzi wa mgomba,
mizunguko saba, fundo kavu.

Naandikia hiyo mpaka leo.
Inaandika.
Hailii.